Bledi Inapotembea Ovyo: Kwa Nini Mashine Mpya Hutoa Mbao Zenye Mawimbi

Kuna maswali mawili ambayo hutufikia karibu kila robo mwaka. La kwanza hutoka kwa kamati za parokia: mashine yetu ya kupasulia mbao ni mpya, injini inanguruma vizuri, lakini mbao zinatoka na mawimbi na wanunuzi wanazikataa, tufanye nini? La pili hutoka kwa wafadhili: mashine tumekwisha kuilipia, kwa nini bajeti inayofuata ina tena mstari wa bledi na vifaa vya kunolea? Tumeona ni vema kuyajibu yote mawili kwa pamoja katika toleo hili, maana aliyeelewa jibu la kwanza hatakuwa na haja ya kuuliza la pili.

Mashine tunayoizungumzia ni ile yenye bledi ndefu na nyembamba iliyoungwa kama mkanda, inayozunguka juu ya magurudumu mawili huku ikisukumwa kupita juu ya gogo lililofungwa kwenye reli. Huvutwa na gari mpaka shambani, nao watu wanne au watano huiendesha. Katika Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Mufindi hadi Njombe na Makete, ambako familia nyingi zimepanda misindano na mikaratusi (milingoti, kama wengi wanavyoiita huku), kazi hii kwa muda mrefu imefanywa na mashine za msumeno wa duara ziitwazo ding dong. Ding dong ni imara na fundi yeyote wa kijijini anaweza kuitengeneza, ndiyo maana haijaondoka. Tatizo lake ni kwamba msumeno wake ni mnene na hula mti mwingi.

Hesabu ni rahisi. Chukua gogo lililokwisha kuchongwa pande zote na kubaki na kimo cha milimita 300, nawe unataka mbao za milimita 25. Msumeno wa duara unaokula milimita 6 kila unapopita utakupa mbao 9. Bledi nyembamba, yenye unene wa milimita 1 na kidogo, hula kama milimita 2 tu, nayo itakupa mbao 11 kutoka gogo lile lile. Mbao 2 za ziada kwa kila gogo si kitu kidogo kwa mzee aliyepanda msindano wake na kuungoja miaka kumi na tano. Lakini wembamba huo huo unaookoa mbao ndio unaoifanya bledi iwe nyepesi kupotea njia. Msumeno mnene huvumilia uzembe mwingi kabla ya kupinda, wakati bledi nyembamba haina uvumilivu huo.

PIMA KABLA YA KULAUMU

Tunapofika kwenye mashine inayolalamikiwa, mara nyingi tunakuta fundi amekwisha kubadilisha bledi mara tatu, amekaza kila nati inayoonekana, na bado mbao ni mbaya. Kitu ambacho hajafanya ni kuupima ubao wenyewe. Tunaomba kila kamati ihakikishe kwamba mashine ina rula ya chuma au kalipa, na kwamba fundi ameonyeshwa namna ya kusoma ubao. Pima unene sehemu tano kwenye ukingo mmoja, kisha sehemu tano kwenye ukingo wa pili, uandike.

Kama unene unapanda na kushuka mara kwa mara kadiri unavyosogea, hayo ni mawimbi, na hapo kweli bledi ina kesi ya kujibu. Kama ukingo mmoja ni mnene kuliko mwingine kwa urefu wote wa ubao, iache bledi kwanza, uangalie reli. Mashine hizi huhamishwa kila wiki na kusimamishwa juu ya udongo uliolimwa. Mvua ikinyesha, mguu mmoja huzama na kitanda hakiko sambamba tena na bledi. Vibao vigumu chini ya miguu na dakika kumi za kupima kwa pima maji humaliza tatizo hilo.

Hali ya tatu huwachanganya wengi: ubao una unene ule ule kila mahali, lakini umepinda kama upinde. Hapo bledi haina kosa lolote. Mti wenyewe ulikuwa na msongo ndani yake, na ulipopasuliwa msongo huo ukafunguka. Mikaratusi michanga ndiyo mibaya zaidi kwa tabia hii. Wakati mwingine gogo lenyewe huinuka ncha mbili kutoka kitandani kazi ikiendelea, na ubao unaofuata hutoka mnene kwenye ncha na mwembamba katikati, au kinyume chake, lakini kwa mteremko mmoja laini usio na mawimbi. Dawa yake ni kuligeuza gogo mara kwa mara: pasua mbao chache upande huu, geuza, pasua chache upande wa pili, ili msongo utoke pande zote kwa usawa. Fundi asiyejua hili atanoa bledi mpaka iishe na mbao zitaendelea kupinda.

UDONGO NI ADUI WA KWANZA

Tuseme sasa kwamba umepima na umeona mawimbi. Chanzo kinachotokea mara nyingi kuliko vyote ni bledi butu. Bledi kali hukata kwa wepesi na haihitaji kusukumwa kwa nguvu. Ikianza kuwa butu, fundi husukuma zaidi ili kasi isipungue, na bledi inaposukumwa huku haikati, hutafuta njia rahisi ya kupita: huinama juu au chini. Ndipo wimbi linapozaliwa. Ukiona mawimbi yanaanza kwenye vifundo vya matawi tu, wakati sehemu laini bado ni nzuri, jua bledi imeanza kuchoka na usingoje zaidi.

Swali la maana ni kwa nini imekuwa butu. Katika mazingira yetu jibu la kwanza ni udongo. Magogo huburuzwa na ng'ombe au trekta kutoka bondeni, na maganda ya msindano hukamata mchanga na vijiwe kama kitambaa kinavyokamata mbigili. Bledi mpya inayokutana na mchanga huo inaweza kupoteza makali kwa muda wa dakika chache. Tumewahi kukuta fundi analalamika kwamba bledi alizouziwa ni feki, wakati magogo yake yote yalikuwa mekundu kwa udongo kana kwamba yametoka kuchimbwa kisimani.

Kuosha kila gogo si rahisi mahali maji yanapobebwa kichwani, wala hatuwezi kuwashauri watu wafanye hivyo. Kinachowezekana ni kumpa kijana mmoja shoka au panga na brashi ya waya, kazi yake iwe kumenya ganda kwenye mstari ambapo bledi itapita. Kama muda hautoshi, amenye upande ambao bledi inaingilia. Upande wa kuingilia meno hubeba uchafu na kuuingiza ndani ya gogo, ukawasugua njia nzima. Upande wa kutokea, uchafu hurushwa nje. Magogo yakifika eneo la kazi, yalazwe juu ya magogo mengine membamba, yasikae chini.

Kijana huyo pia atafute misumari na waya. Miti iliyokuwa mpakani mwa shamba au karibu na nyumba ndiyo yenye hatari hii, kwa sababu kuna mtu aliwahi kufunga kamba ya nguo au kuigongelea seng'enge miaka kumi iliyopita na mti ukaimeza. Doa jeusi au la bluu kwenye uso wa ubao mara nyingi ni dalili kwamba chuma kiko karibu. Simamisha mashine uangalie.

Jambo jingine ambalo halisemwi sana: kwenda polepole mno nako huua makali. Mafundi wengi wakiona mawimbi hupunguza mwendo hadi mashine inatambaa. Jino linapokata kipande kidogo mno huwa halikati tena, linasugua, linapata moto, na linazidi kuwa butu. Mwendo mzuri ni ule ambao injini inafanya kazi bila kulemewa na unga wa mbao unatoka kama punje ndogo, si kama unga wa ugali.

MENO NA UPANA WAKE

Ukiishika bledi na kuitazama kwa mbele utaona kwamba meno hayako kwenye mstari mmoja. Kwa mpangilio wa kawaida jino moja limepindwa kushoto, la pili kulia, na la tatu limenyooka. Kupindwa huko ndiko kunakofanya njia iwe pana kuliko mwili wa bledi, ili mwili upite bila kusuguana na mbao. Kiasi chake ni kama nusu milimita kila upande. Miti laini yenye maji mengi, kama msindano mbichi, huhitaji zaidi kidogo, kwa sababu nyuzi zake hurudi nyuma baada ya kukatwa na kuibana bledi. Miti migumu huhitaji pungufu.

Fundi anaweza kuijua hali ya meno bila kifaa chochote kwa kuangalia unga unaobaki juu ya ubao mara tu bledi inapopita. Aushike kwa vidole (mashine ikiwa imesimama, tafadhali). Unga wenye uvuguvugu ni dalili njema. Ukiwa wa moto na umeshindiliwa kwenye ubao, meno hayana upana wa kutosha, bledi inasuguana na mbao. Ukiwa baridi, na juu ya ubao kuna mikwaruzo ya meno, upana umezidi na hewa ni nyingi mno njiani.

Upana hupungua wenyewe kila bledi inaponolewa, maana ncha iliyopindwa zaidi ndiyo inayosagwa. Kwa hiyo bledi iliyonolewa mara kadhaa bila kupangwa upya meno itakuwa kali kwa kuigusa lakini itapasua vibaya. Kamati nyingi hununua mashine ya kunolea na kusahau kifaa cha kupangia meno pamoja na geji yake. Ni nusu ya dawa.

Halafu kuna bledi inayokwenda upande mmoja daima. Kila ubao unaanza vizuri kisha bledi inazama, au inapanda, wala hairudi. Hapo angalia kama meno ya upande mmoja yamepindwa kuliko ya upande wa pili, au yamekuwa butu zaidi. Bledi hufuata upande wenye upana mkubwa na makali zaidi, kama mtu anayepiga kasia upande mmoja wa mtumbwi. Bledi iliyogonga msumari ina tabia hii pia, kwa sababu msumari mara nyingi huharibu meno ya upande mmoja tu.

Kuhusu mlalo wa jino, yaani jinsi linavyoinama mbele, tutasema kwa kifupi. Jino lenye mlalo wa nyuzi 10 au zaidi hung'ata kwa nguvu na linafaa kwa msindano mbichi. Kwa mti mgumu, mkavu au wenye vifundo vingi, mlalo mdogo wa nyuzi 4 hadi 7 hutulia zaidi. Kamati inayopasua msindano mwezi huu na mkaratusi mkavu mwezi ujao ingekuwa na bledi za aina mbili, lakini kwa kuanzia aina moja ya katikati inatosha, mradi mwendo upunguzwe kwenye mti mgumu.

MKAZO, ROLI NA ULIMBO

Bledi ikiwa kali, safi na imepangwa meno, na bado mawimbi yapo, hapo ndipo tunahamia kwenye mashine. Kitu cha kwanza ni mkazo. Bledi iliyolegea haina nguvu ya kubaki kwenye mstari. Kila mashine ina geji yake na kipimo chake katika kitabu cha maelekezo, nacho kifuatwe hicho, si kukisia kwa kuigonga bledi kidole na kusikiliza mlio. Lakini kuipima asubuhi peke yake haitoshi. Bledi inapopata moto hurefuka na mkazo hushuka, kwa hiyo ipimwe tena baada ya kupasua gogo la kwanza, na kila mnaporudi kutoka mapumziko. Jioni ilegezwe. Kwenye baridi ya Makete, bledi iliyoachwa imekazwa usiku kucha hujivuta na kujikaza zaidi ya kipimo, na chuma kinachoka kikiwa kimelala.

Kitu cha pili ni roli mbili za kuongoza bledi, moja kila upande wa gogo. Roli moja husogea ndani na nje. Isogezwe karibu na gogo kadiri inavyowezekana bila kuligusa, kwa kuwa bledi isiyoshikiliwa kwa umbali mrefu huyumba. Ni ajabu jinsi kosa hili dogo linavyoonekana kila mahali: gogo jembamba, roli iko mbali kabisa kwa sababu gogo lililotangulia lilikuwa nene na hakuna aliyekumbuka kuirudisha. Kwenye mashine nyingi za aina hii roli huwekwa ziisukume bledi chini kidogo, kama milimita 6, ili itulie, na ukingo wa roli uwe nyuma ya bledi kwa milimita chache wakati haikati. Kama mgongo wa bledi unagusa ukingo huo muda wote, mgongo utapata moto na kuwa mgumu, na nyufa zitaanzia huko. Roli iliyochakaa au yenye beringi inayocheza ibadilishwe; hakuna kunoa kunakoweza kuitibu.

Ulimbo wa msindano hujaa kwenye bledi na kwenye magurudumu. Bledi yenye magamba ya ulimbo ni sawa na bledi iliyonenepa: inasuguana, inapata moto, inalegea, inapinda. Maji kidogo yanayodondoka juu ya bledi kutoka kwenye tangi la mashine yanatosha, na tone la sabuni ya maji husaidia. Tunajua wapo mafundi wanaopaka dizeli kwa sababu huondoa ulimbo haraka. Hatukubaliani nao. Dizeli juu ya bledi inayozunguka, karibu na injini ya moto na lundo la unga mkavu, ni moto unaongoja siku yake, na huharibu mikanda ya mpira iliyovishwa kwenye magurudumu. Anayetaka kusafisha kwa dizeli aitoe bledi kwanza, aisafishe mbali na mashine na kuifuta ikauke.

Kabla ya kuondoka hapa tukumbushe jambo ambalo huonekana kama kichekesho. Bledi mpya ikikunjuliwa inaweza kugeuka ndani nje, na meno yakaangalia upande usio wake. Ikifungwa hivyo haitakata kabisa, itavuta moshi tu. Ishike kwa glovu nene, uizungushe meno yaelekee upande bledi inakokwenda, kisha ndiyo uifunge.

KWA NINI ZINAKATIKA

Katika parokia moja ya bonde la chini tulionyeshwa stoo yenye bledi zilizokatika zimerundikwa kwenye kona. Mashine ilikuwa imesimama tangu kabla ya masika. Mbao za madawati ya shule ya msingi ziliishia nusu, vijana waliokuwa wakilipwa kwa idadi ya mbao wamerudi kwenye vibarua vya mashambani, na mwenyekiti wa kamati alikuwa na barua ya wafadhili mezani iliyouliza mashine iko wapi. Kwa maoni yake, walikuwa wameletewa bledi duni.

Tulizitoa bledi nje kwenye mwanga tukazikagua moja moja. Karibu zote zilikatika kuanzia kwenye bonde la jino, yaani pale chini kati ya jino na jino, na nyingi zilikuwa na rangi ya bluu kwenye ncha. Hadithi nzima ilikuwa imeandikwa hapo. Parokia ilipewa mashine na bledi lakini haikupewa mashine ya kunolea. Fundi, mtu hodari na mwenye nia njema, alizinoa kwa grenda ya mkono, akigusa ncha tu. Alifanya kile ambacho vifaa vyake vilimruhusu.

Tueleze kinachotokea. Bledi inapozunguka hupinda kila inapopita juu ya gurudumu na kunyooka inapotoka, mara nyingi kila sekunde. Chuma kinachopindwa na kunyooshwa hivyo hupata nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho, na huanzia kwenye bonde la jino kwa sababu ndipo nguvu zinapokusanyika. Kunoa vizuri ni kupitisha jiwe kwenye umbo lote, uso wa jino, bonde na mgongo wake, kwa kusaga kidogo kidogo. Hivyo ukali unarudi na wakati huo huo nyufa changa zinaondolewa. Grenda inayonoa ncha peke yake inaziacha nyufa zikue, tena mara nyingi inaacha kona kali kwenye bonde, na kona kali ni mwaliko wa ufa mpya. Rangi ya bluu maana yake chuma kiliungua. Ncha iliyoungua haishiki makali, hivyo inanolewa tena upesi, inaungua tena, na bledi inakatika ikiwa bado ina meno marefu ya kutosha kutumika.

Sababu nyingine ni kuiacha bledi mashineni muda mrefu mno. Kanuni tunayowafundisha mafundi ni kwamba baada ya saa mbili za kupasua bledi itoke, hata kama bado inakata. Hili ni gumu kukubalika. Fundi anayeona mbao nzuri zinatoka hataki kusimama, na mteja aliyesimama pembeni ndiye wa kwanza kulalamika. Lakini bledi inayotolewa mapema hunolewa kwa kusagwa kidogo tu, na huishi mara nyingi zaidi kuliko ile inayotumikishwa mpaka ikashindwa.

Kukatika kwa bledi si suala la gharama peke yake. Kipande kinachochomoka kwa kasi hiyo kinaweza kumuua mtu. Vifuniko vya magurudumu visifunguliwe injini ikiwa inafanya kazi, na asisimame mtu, hasa watoto wanaokuja kuokota vipande vya kuni, katika mstari wa bledi. Mlio wa tik-tik wa kurudiarudia ni ishara ya ufa unaopita kwenye roli. Zima hapo hapo.

BLEDI NGAPI ZINATOSHA

Turudi kwa wafadhili na wahasibu wa kamati. Kama bledi inatoka kila baada ya saa mbili, siku yenye saa 6 za kupasua inahitaji bledi 3. Parokia isiyo na mashine ya kunolea, inayopeleka bledi mjini mara moja kwa wiki, inahitaji bledi 15 kwa siku 5 za kazi, na nyingine chache za akiba kwa ajili ya misumari. Parokia yenye mashine ya kunolea na kifaa cha kupangia meno inaweza kufanya kazi ile ile kwa bledi 6 na akiba kidogo: 3 kazini, 3 zinanolewa au zimepumzika. Atakayelinganisha bei za vitu hivi ataona mwenyewe kwamba kunolea si anasa ya kuongezwa baadaye fedha zikipatikana. Kwa maoni yetu, kama fedha hazitoshi kwa vyote, ni afadhali kununua mashine ndogo yenye vifaa vyake vya kunolea kuliko kubwa isiyo navyo.

Tunashauri pia kwamba fundi wa kunoa awe mtu tofauti na mwendeshaji, na apelekwe mafunzo. Chuo cha Viwanda vya Misitu kilichopo Moshi kimekuwa kikifundisha kazi za kupasua mbao na kutunza misumeno tangu miaka ya 1970. Mtu mmoja mwenye jicho zuri na subira anaweza kuhudumia mashine za parokia mbili au tatu zilizo jirani, zikigawana mshahara wake.

Mwisho, kila bledi ipewe namba. Iandikwe kwa rangi kwenye mwili wake, na daftari liwe stoo: tarehe iliyoingia kazini, saa ilizofanya kazi, aina ya mti, mara ilizonolewa, mara ilizopangwa meno, na ilikufa vipi. Parokia ile ya bonde la chini ilianza daftari lake siku tuliyokagua rundo, hata kabla ya mashine ya kunolea kufika. Bledi mbili nzima zilizokutwa stoo zilipewa namba 1 na 2, zikapelekwa mjini kunolewa, na zikapasua mbao za madawati yaliyobaki kwa zamu, moja ikifanya kazi na nyingine ikiwa safarini. Ilichukua wiki kadhaa. Kamati zitakazohitaji mfano wa daftari hilo zituandikie, tutawatumia nakala pamoja na toleo lijalo.